Video za tovuti ya biashara: YouTube, Vimeo, au nilipie kwingine?

#1 Nahodha_wa_Nile (Jinja)
Wakuu, salamu. Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Jinja: boti kwenye chanzo cha Nile, rafting (boti za mpira kwenye maji ya kasi) huku chini, na magari ya kwenda hifadhi za Murchison na Bwindi. Tovuti ipo na picha zipo, lakini wageni wa nje siku hizi wanataka kuona video kabla hawajatoa hela. Siwalaumu. Kibali cha kuona sokwe wa milimani peke yake kimekuwa dola 800 kwa mgeni wa nje tangu Julai 2020, hapo hujagusa mafuta wala malazi.

Mpigapicha ameshanikabidhi faili za MP4, nzito kwelikweli. Sasa nizipandishe YouTube halafu nizipachike kwenye tovuti, nilipie Vimeo, au niziweke palepale kwenye seva ninayolipia tovuti? Kijana aliyenitengenezea tovuti anasema YouTube ni ya watoto wa shule, kampuni makini haiitumii. Ni kweli au ananitafutia gharama?

#2 Fundi_Waya (Kampala)
Anza kwa kulifuta hilo la tatu. Piga hesabu: video ya dakika mbili, ubora wa 720p, megabiti 5 kwa sekunde, inatoka MB 75. Wakiitazama watu 1000 hadi mwisho, seva yako imetoa GB 75 kwa video moja. Seva za bei rahisi tunazogawana na tovuti nyingine hazikuundwa kwa kazi hiyo.

La pili, MP4 tupu haijui nani anaitazama. Aliye kwenye 4G pale Kololo na anayehangaika na mnara mmoja kule Kapchorwa wanasukumiwa faili ileile. Majukwaa ya video huikata vipande vya sekunde chache, kila kipande kwa ubora tofauti, halafu pleya inachagua kulingana na kasi ya mtu. Ndiyo HLS, waliileta Apple mwaka 2009. Wewe kwenye seva yako huna hiyo mpaka uijenge mwenyewe.

#3 Mama_Kahawa (Mbale)
Fundi, usiifute yote. Mimi ukurasa wa kwanza nina video fupi ya kahawa ikigeuzwa kwenye meza za kukaushia, haina sauti, inajirudia. Imebanwa mpaka MB mbili na iko kwenye seva yangu mwenyewe. Inacheza yenyewe kwa sababu vivinjari vinaruhusu video ijichezee kama sauti imezimwa. Haina nembo ya mtu wala kitufe cha mtu.

#4 Fundi_Waya
Ile ya mapambo sawa, dada. Mimi nasema hizi za kukaa mtu akatazama.

#5 Mzee_wa_Chaneli (Entebbe)
YouTube. Tumemaliza, tukale rolex, ile chapati yetu ya mayai.

Haya, nifafanue kabla hamjanirukia. Ni bure. Ni mali ya Google tangu 2006, na mgeni anayepanga safari yuko Munich anaandika Jinja kwenye kisanduku cha kutafutia humohumo YouTube. Ukiwa Vimeo hakuoni. Halafu Google wanaweka seva zao za kache, zinazotunza nakala karibu na mtazamaji, ndani ya mitandao ya kampuni za simu dunia nzima, kwa hiyo video haivuki bahari kila mara. Sisi nchi isiyo na pwani, intaneti yetu nyingi inapita Kenya mpaka Mombasa ndipo izame baharini. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mnakumbuka ilivyokuwa. Mtu mwenye busara anakaa karibu na kache.

#6 Fundi_Waya
Mzee, kache inabeba kinachotazamwa sana. Video ya boti yenye watazamaji arobaini haikai humo ikisubiri, itavutwa kutoka mbali kama nyingine. Na hata ingekaa, Nahodha anauza kwa watu walioko Munich. Kache ya Kampala inamsaidia nini Mjerumani?

#7 Mzee_wa_Chaneli
Inamsaidia Nahodha mwenyewe kuangalia kama video inafanya kazi 😂

#8 Wakili_Mdogo (Kampala)
Kuna jambo hamjaligusa: matangazo. Masharti ya YouTube yalibadilika mwishoni mwa 2020 kwa Marekani, na 2021 kwa nchi nyingine. Wanaweza kuweka tangazo kwenye video yako hata kama hujaingia kwenye mpango wao wa kulipwa. Tangazo linaweka wao, hela wanachukua wao, nawe umelikubali siku ulipobonyeza kitufe cha kukubali. Kwa kampuni ya utalii hebu fikiri: mgeni yuko kwenye tovuti yako, anabonyeza video yako, anaonyeshwa kwanza safari za kampuni nyingine.

#9 Boda_Dijito (Busia)
Matangazo sawa, lakini zile video za watu wengine zinazojitokeza mwishoni zinaondoka. Ongeza rel=0 kwenye kiungo.

#10 Dada_Lensi (Kampala)
Hiyo ilikuwa zamani, kaka. Tangu Septemba 2018 rel=0 haiondoi chochote. Inachofanya ni kuleta video za chaneli ileile badala ya za watu wengine. Kwa hiyo kama chaneli ina video nyingi za kwako, umepona. Kama ina mbili, na moja ni ya harusi ya binamu yako, mgeni ataletewa harusi.

#11 Boda_Dijito
Harusi ilikuwa nzuri lakini.

#12 Seremala (Nansana)
Nawapa kisa changu. Jukwaa silitaji, ni la bure tu. Mteja alikuwa kwenye ukurasa wangu wa makabati ya jikoni, akabonyeza jina la video, likamtoa kwenye tovuti yangu likampeleka kwao. Kesho yake ananipigia simu: "Kile kitanda cha mninga ni bei gani?" Mimi vitanda sitengenezi. Alishatazama video za watu watatu, akachanganya mafundi. Tangu hapo sitaki kusikia pleya yenye mlango wa kutokea.

#13 Mzee_wa_Chaneli
@Seremala lakini alikupigia wewe. Namba yako ilikuwa wapi, ya yule wa kitanda ilikuwa wapi? Mlango wa kutokea ndio huohuo wa kuingilia.

#14 Dada_Lensi
Mimi ndiyo kazi yangu, napiga video za hoteli na mashirika, kwa hiyo nina upande. Wateja wangu wengi nawaweka Vimeo ya kulipia, na sababu yangu kubwa si urembo wa pleya. Ni kwamba naweza kubadilisha faili bila kiungo kubadilika. Hoteli ikipandisha bei au ikibadilisha namba ya simu iliyoandikwa kwenye video, napakia toleo jipya juu ya lile la zamani, na kila ukurasa ulioipachika unapata jipya. YouTube huwezi. Unapakia video mpya, unapata kiungo kipya, idadi ya watazamaji inaanzia sifuri, halafu uzunguke tovuti nzima ukibadilisha.

Pia unaiambia icheze kwenye domeini yako tu. Mtu akiinakili kwenye tovuti yake ya kitapeli, haichezi. Nyie wa utalii mnajua matapeli wa vibali walivyo.

Ubaya wake nautaja. Kwanza bei. Pili, mwaka 2022 kulikuwa na kelele kubwa, watengeneza video wanaotazamwa sana walitakiwa kulipa zaidi ghafla kwa sababu ya kiasi cha data wanachotumia. Kizingiti kilichotajwa ni TB 2 kwa mwezi, Nahodha huko hafiki. Tatu, Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Bending Spoons ya Italia inainunua kwa dola bilioni 1.38. Mwenye nyumba akibadilika, kodi nayo inaangaliwa upya.

#15 Nahodha_wa_Nile
Asante dada. Hiyo ya matapeli imenigusa. Mwaka jana picha zangu za boti nilizikuta kwenye ukurasa wa mtu ambaye hana hata kasia.

Kulipa kukoje? Kadi yangu ni ya shilingi.

#16 Mama_Kahawa
Kulipa ndiko kunaniudhi mimi. Unakatwa kwa dola, shilingi inacheza inavyotaka, na VAT ya asilimia 18 ipo hata kwa huduma za mtandaoni zinazotoka nje. Kuna kampuni moja ya nje nililipia huduma yake (ya video pia), kadi ikaisha muda wake, barua pepe za kunikumbusha zikaenda kwenye taka. Ukurasa wangu ukabaki na mstatili mweusi katikati ya msimu wa mavuno, ndio wakati wanunuzi wanakuja. Cha bure hakizimwi kwa sababu ya kadi.

#17 Fundi_Waya
Cha bure kinazimwa kwa sababu nyingine. Makosa matatu ya kuvunja kanuni zao ndani ya siku 90 na chaneli nzima ya YouTube inaondoka, na kila video uliyoipachika popote inaondoka nayo.

#18 Kasuku_wa_Arua (Arua)
Mbona mnajitesa. Nahodha si ana ukurasa wa Facebook? Video zipo kule tayari. Pachika hizohizo kwenye tovuti, kazi imeisha.

#19 Boda_Dijito
😂😂😂 Ssebo, unaishi Uganda ipi?

#20 Wakili_Mdogo
@Kasuku Facebook imezibwa hapa tangu Januari 2021, ule wakati wa uchaguzi. Umezoea VPN ya kukwepa vizuizi mpaka umesahau kwamba imewashwa. Mteja wa ndani asiye na VPN akifungua tovuti ya Nahodha ataona nafasi tupu, na atadhani tovuti ndiyo mbovu.

#21 Kasuku_wa_Arua
Wageni wake si wa nje? Kule Facebook iko wazi.

#22 Wakili_Mdogo
Na shule zinazoleta wanafunzi Jinja? Na makanisa? Na mashirika ya Kampala yanayopeleka wafanyakazi kwenye mapumziko? Msimu wa wageni ukipoa, hao ndio wanaolipa mishahara.

#23 Boda_Dijito
Mmenikumbusha ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, Julai 2018. Tulikuwa tunalipa 200, halafu VPN ya bure inakula bando la 500 kwa kukwepa ile 200. Hesabu za Kiganda hizo.

#24 Seremala
Wakaifuta 2021 wakaleta kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Sasa hata VPN haikwepi.

#25 Mzee_wa_Chaneli
Na zile siku za uchaguzi ilipozimwa intaneti nzima, jirani yangu alinunua redio.

#26 Msimamizi
Rudini kwenye video. Za kodi zina uzi wake.

#27 Fundi_Waya
Kabla hatujarudi, hilo la kuzimwa lina funzo moja kwa Nahodha. Tovuti na video zikiwa kwenye seva za nje, intaneti ya hapa ikikatwa wageni wa Ulaya wanaendelea kuziona. Wewe tu ndiye hutasoma maombi yao. Kwa hiyo uwe na mtu wa nje ya nchi mwenye nywila ya barua pepe za kampuni. Hilo litakuokoa kuliko jukwaa lolote.

#28 Mwalimu_wa_Hesabu (Gulu)
Naingilia na shida yangu, inafanana. Nauza masomo ya hesabu ya UCE na UACE, mitihani yetu ya sekondari, kwa video. Nilidhani YouTube, ile hali ya kutoorodheshwa, ingetosha. Kumbe mwanafunzi mmoja akilipa, kiungo kinazunguka WhatsApp ya darasa zima. Kuna kitu cha bei ya kawaida kinachofunga kiungo?

#29 Fundi_Waya
Mwalimu, hapo ndipo huduma za kulipia unachotumia zinapofaa. Chukua Cloudflare Stream: dola 5 kwa kila dakika 1000 unazohifadhi, dola 1 kwa kila dakika 1000 zinazotazamwa. Hawaulizi ukubwa wa faili, wanahesabu dakika tu. Una uwezo wa kutoa kiungo chenye saini kinachokufa baada ya muda uliouweka, kwa hiyo kikizungushwa WhatsApp jioni, asubuhi hakifungui. Bunny Stream nao ni wa aina hiyo, ila wao wanahesabu ukubwa wa hifadhi na data inayopita.

Nahodha, kwa upande wako: tuseme una video kumi za dakika mbili. Dakika 20, unalipia kifungu kimoja cha dola 5. Watu 1000 wakitazama moja kila mtu hadi mwisho, dakika 2000, dola 2. Jumla dola 7 kwa mwezi wenye shughuli. Hakuna tangazo, hakuna mlango wa kutokea wa Seremala.

#30 Dada_Lensi
Hesabu ni sahihi lakini umeficha mshahara wako. Nani ataandika msimbo wa kutoa hizo saini? Mwalimu wa Gulu?

#31 Fundi_Waya
Nahodha hahitaji saini, zake ni za wazi, atanakili msimbo wa kupachika kama wa YouTube. Mwalimu atahitaji mtu. Bei yangu ni nafuu 😎

#32 Mwalimu_wa_Hesabu
Na yule anayerekodi skrini ya simu?

#33 Fundi_Waya
Huyo hashikiki. Weka namba ya simu ya mwanafunzi ielee juu ya video, ataona aibu kuisambaza.

#34 Dada_Lensi
Watoto wa siku hizi? Aibu?

#35 Mama_Kahawa
Wistia hamjaitaja. Iko tangu 2006, ni ya watu wa biashara hasa. Inakuchorea sehemu gani watu wanarudia kutazama na sehemu gani wanaondoka, na inaweza kusimamisha video katikati ikamwomba mtazamaji barua pepe yake. Mnunuzi wangu mmoja wa kahawa anaitumia, ndipo nilipoiona.

#36 Wakili_Mdogo
Ukianza kukusanya barua pepe umeingia kwangu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, umweleze unaichukulia nini, na mkusanyaji asajiliwe kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi. Wageni wa Ulaya nao wana sheria yao ya data, GDPR, tangu 2018. Hata YouTube ya kawaida inaweka vidakuzi, vile vifaili vya kumfuatilia mtazamaji. Angalau tumia ile anwani yao ya youtube-nocookie, unaipata kwenye mipangilio ya kupachika kwa kuchagua faragha.

#37 Mzee_wa_Chaneli
Mtu anauza boti, mmeshamfikisha mahakamani.

#38 Boda_Dijito
Mimi swali langu ni kasi. Tovuti ya shemeji yangu ina video sita za YouTube kwenye ukurasa mmoja. Kwenye simu yangu inafunguka polepole mpaka bando linalia.

#39 Fundi_Waya
Kila pleya iliyopachikwa inabeba mafaili yake hata kabla hujabonyeza, na sita ni mara sita. Dawa: weka picha tu yenye alama ya kucheza, pleya yenyewe iitwe pale mtu anapobonyeza. Kuna plagini za WordPress zinafanya hivyo, na kuna msimbo wa bure uitwao lite-youtube-embed. Mteja wa ndani anayelipia kila MB atakushukuru, hata kama hatakuambia.

#40 Dada_Lensi
Nahodha, kabla hujapakia popote: mpigapicha wako ameweka muziki gani?

#41 Nahodha_wa_Nile
Wimbo wa msanii wetu wa Kampala, unavuma sana. Anasema ni rafiki yake, ameruhusu.

#42 Dada_Lensi
Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, haimjui rafiki wa mtu. Mashine inalinganisha sauti, ikipata wimbo umesajiliwa, mwenye haki anaamua: achukue hela za matangazo, au video izuiwe nchi fulani. Unaweza kukuta video inacheza Jinja, Ujerumani haichezi, nawe hujui kwa sababu kwako iko sawa. Chukua ruhusa kwa maandishi au badilisha muziki. Au acha sauti ya maji tu, ile ya Nile inatosha kuuza.

#43 Nahodha_wa_Nile
Sauti ya maji tuliyo nayo ni upepo mtupu na mtu anapiga kelele "Mama yangu!"

#44 Mzee_wa_Chaneli
Hiyo ndiyo iweke mbele.

#45 Mama_Kahawa
Na maandishi ya chini usisahau. Wengi wanatazama bila sauti, wako kazini au kwenye basi. Faili moja ya maandishi hayo, iitwayo SRT, inakubalika YouTube na Vimeo pia, ukihama unaondoka nayo. Weka Kiingereza, na Kijerumani kama kweli ndio wateja wako. Kiswahili pia, wageni wa Kenya wanapita Malaba kila wikendi.

#46 Nahodha_wa_Nile
Hapa nilipofika: ndefu zote ziende YouTube ili nipatikane, ile fupi ya ukurasa wa kwanza niweke kwenye seva kama Mama Kahawa, na ile moja ya bei na vibali niilipie mahali pasipo matangazo. Kijana wa tovuti nimemsomea, bado anasema YouTube yote itoke.

#47 Mzee_wa_Chaneli
Muulize yeye wageni wanatafuta wapi. Ukurasa wa kampuni mpya hauonekani kwenye Google mpaka uchoke. Video inaweza kuonekana kabla ya tovuti yenyewe.

#48 Dada_Lensi
Inaonekana, halafu inawatazamisha nani? Nimeona hoteli ina maelfu ya watazamaji na vyumba vitupu. Ningependa watu hamsini walioko kwenye ukurasa wenye kitufe cha kuweka nafasi.

#49 Seremala
Namuunga mkono dada.

#50 Mzee_wa_Chaneli
Wewe bado una hasira ya kitanda.

#51 Kasuku_wa_Arua
Nimerudi. Mtu akianza YouTube halafu akahamia Vimeo, idadi ya watazamaji inahama naye?

#52 Fundi_Waya
Haihami. Wala maoni, wala kupendwa. Unachohama nacho ni faili lako la asili, kama ulilitunza. Jukwaa la video la Blip lilifungwa 2015, na waliokuwa hawana nakala walibaki na picha za skrini. Nahodha, zile MP4 nzito zitunze kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti.

#53 Kasuku_wa_Arua
Basi mimi sihami.

#54 Boda_Dijito
Nani alikwambia uhame? Wewe uko Facebook.